Pango la Ali Baba: Hazina ya Nani?

Nani kati yetu hajalisikia pango la Ali Baba? Hata mtoto ambaye hajawahi kushika kitabu anajua kwamba liko neno, ukilitamka mwamba unafunguka. Wengine husema "Simsim, funguka!", wengine "Ufuta, funguka!", na yote ni mamoja, maana simsim ndiyo huo huo ufuta. Ndani mna marobota ya hariri, mna mazulia, mna dhahabu na fedha zilizomwagwa kama mtama ghalani. Lakini liko jambo moja ambalo wasomaji hulipita mbio. Hazina ile haikukusanywa na wale wezi arobaini peke yao. Ali Baba mwenyewe, alipoangaza macho mle ndani, alitambua kwamba hayo hayakuwa mapato ya miaka michache. Wezi walikuwa wamepokezana pango lile kwa mamia ya miaka, hawa wakifa, wale wanarithi. Basi pango lile ni ghala la vitu vya watu wengine, na hakuna hata kimoja kilichobandikwa jina la mwenyewe.

Ndugu msomaji, swali langu katika makala haya ni dogo. Kama vitu vya pangoni vilikuwa na wenyewe, je, hilo pango lenyewe? Hiyo hadithi nayo ilitoka kwa nani? Jibu lake lilikaa gizani karibu miaka mia tatu, na lilipotoka lilikuja na mambo ambayo sisi tunaojifunza kuandika hatuwezi kuyapuuza.

Kitabu kisichokuwa na Ali Baba

Tuanze na kitabu. Alfu Lela Ulela ni kitabu kikongwe. Kipande cha karatasi kinachotaja jina la "Usiku Elfu" kimehifadhiwa Chicago, na pembeni yake mtu alijaribia kalamu akaandika tarehe ya mwaka 266 wa Hijria, yaani 879 kwa hesabu ya Kizungu. Kwa hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu walikuwa tayari wanazijua habari za Shahrazadi, binti aliyemsimulia mfalme hadithi kila usiku ili asikatwe kichwa asubuhi.

Kitabu hicho kilifikaje kwa Wazungu? Kilipelekwa na Mfaransa aitwaye Antoine Galland, aliyezaliwa mwaka 1646. Huyu bwana alikuwa mwanachuoni kweli kweli. Alikwenda Istanbul mwaka 1670 pamoja na balozi wa Ufaransa, akajifunza lugha za huko, akanunua sarafu za kale na vitabu vya mkono. Baadaye akapata hati ya Kiarabu kutoka Shamu, juzuu tatu, akaanza kuitafsiri. Juzuu ya kwanza ya tafsiri yake ilitoka Paris mwaka 1704, na watu wakaipapatikia kama maji jangwani.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kitabu kinaitwa cha usiku elfu na moja, lakini hati aliyokuwa nayo Galland ilikuwa na usiku 280 hivi tu, halafu inakatika katikati ya hadithi ya Kamaruzamani. Wasomaji wanataka zaidi, mchapaji anataka zaidi, na ghala limekauka. Mchapaji alipoona mzee anachelewa, akachukua hadithi mbili zilizotafsiriwa na mtu mwingine kabisa, akazichomeka katika juzuu ya 8 iliyotoka mwaka 1709, bila hata kumwuliza Galland. Galland alikasirika, na katika juzuu iliyofuata akawaambia wasomaji kwamba hadithi zile si zake.

Na katika hati yake ile ya Shamu, ukiipekua mwanzo hadi mwisho, humkuti Ali Baba. Humkuti Aladini na taa yake. Hadithi mbili ambazo dunia nzima inazijua kuliko nyingine zote za Alfu Lela Ulela hazimo. Sasa zilitoka wapi?

Kijana wa Aleppo

Mwezi Machi mwaka 1709 Galland alikwenda kumtembelea mtu mmoja jijini Paris, jina lake Paul Lucas. Kazi ya Lucas ilikuwa kusafiri nchi za mashariki na kukusanya vitu vya kale kwa ajili ya Mfalme Louis wa 14: sarafu, vito, vitabu, hata wanyama. Nyumbani kwa Lucas, Galland alikutana na kijana wa Kiarabu, Mkristo wa madhehebu ya Maroni, mwenyeji wa Aleppo, mji wa Shamu ambao Waarabu huuita Halab. Aliitwa Hanna Diyab. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi.

Diyab alikuwa ameondoka kwao mwaka 1707. Lucas alimchukua awe mkalimani na msaidizi wake, akamwahidi kwamba wakifika Ufaransa atampatia kazi katika Maktaba ya Mfalme, kwenye vitabu vya Kiarabu. Wakapita Kupro, Misri, Libya, Tunisi, Italia, hadi Paris. Kijana wa watu akafika huko ukakaribia ule msimu wa baridi wa mwaka 1709, baridi ambayo Ulaya inaikumbuka mpaka leo kwa jinsi ilivyoua watu. Alipelekwa Versailles mbele ya mfalme akiwa amebeba tundu la panya wawili wa jangwani, wale wanaorukaruka kwa miguu ya nyuma. Hebu fikiri: mtu na panya wake, wote wawili ni vitu vya kuonyeshwa.

Huyu kijana alikuwa na hadithi. Galland alikuwa na mazoea ya kuandika kila siku mambo aliyoyafanya, na daftari zake zimebaki. Humo tunaona kwamba kati ya Machi na Juni mwaka 1709 Diyab alimsimulia hadithi 16. Tarehe 5 Mei kuna habari ya taa, ndiye Aladini huyo. Tarehe 27 Mei kuna habari ya wezi arobaini. Kati ya hizo 16, Galland alizitumia 10 kujazia juzuu za mwisho za kitabu chake. Aladini alitoka mwaka 1712. Ali Baba alitoka mwaka 1717, miaka miwili baada ya Galland mwenyewe kufa.

Katika vitabu vyote hivyo vilivyochapishwa, jina la Hanna Diyab halimo. Hata mara moja.

Kazi ya maktaba? Hakuipata. Ahadi ikawa ahadi tu. Mwaka 1710 alikuwa amerudi kwao Aleppo, akawa mfanyabiashara wa vitambaa, akaoa, akazaa, akazeeka. Wakati huo huo Ulaya inasoma hadithi zake usiku kwa mishumaa na haina habari naye.

Pete na taa

Kama mambo yangeishia hapo tungesema basi, ndiyo dunia. Lakini mwaka 1763, mzee wa zaidi ya miaka sabini, Diyab alikaa kitako akaandika kwa mkono wake habari za safari yake ile ya ujanani. Aliiandika kwa Kiarabu cha watu wa Aleppo, kile cha nyumbani na sokoni, si kile cha wanachuoni. Na humo anasimulia kisa kimoja ambacho ukikisoma unaweza kukiangusha kitabu.

Anasema mwanzoni mwa safari, wakiwa bado Shamu, walipita kwenye magofu ya kale. Wakaona kaburi la mawe lenye tundu. Lucas akataka kujua kuna nini ndani, akamlipa mchunga mbuzi ateremke. Mchungaji akaingia, akapapasa gizani, akatoka na vitu viwili: pete na taa.

Pete na taa, jamani! Kila anayemjua Aladini anajua kwamba mchawi mgeni alimchukua kijana maskini, akamteremsha shimoni kwa sababu mwenyewe hawezi kuingia, na kwamba kijana akaokolewa na pete na kutajirishwa na taa.

Hapa mwanahistoria lazima awe mwangalifu. Diyab aliandika miaka zaidi ya hamsini baada ya tukio. Inawezekana kumbukumbu ya safari ndiyo iliyoingia katika hadithi, na inawezekana pia kwamba hadithi ndiyo iliyoingia katika kumbukumbu, maana mzee aliyesimulia kisa cha taa ujanani anaweza akaiona taa kila shimo analolikumbuka. Hatuwezi kuapa. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kazi ya Lucas ilikuwa hiyo hasa, kutafuta hazina ardhini na kuzipeleka kwa mfalme, na Diyab aliiona kwa macho yake. Mashimo yenye hazina hayakuwa ndoto kwake. Aliyajua na matope yake, alijua nani anashuka na nani anabaki juu akingoja kupokea.

Na mimi hunijia wazo kwamba Paris nayo ilikuwa na shimo lake. Galland alikuwa juu, karatasi mkononi. Aliyeshuka gizani akatoka na taa alikuwa Diyab.

Ukurasa uliopotea

Yule mzee wa vitabu hakusahauliwa na Diyab. Katika habari zake anamtaja: mzee mmoja alikuwa akija, anasoma Kiarabu vizuri, anatafsiri kitabu cha Usiku Elfu na Moja, na kitabu chake kimepungukiwa, basi mimi nikamsimulia hadithi nilizozijua, akakikamilisha, akafurahi sana nami. Kwisha. Mistari michache tu. Kumbe Diyab mwenyewe hakujua kwamba yale mazungumzo ya jioni ndiyo makubwa kuliko yote aliyoyafanya maishani mwake! Kwake safari ilikuwa bahari, maharamia, baridi, na kumwona mfalme.

Sasa angalia mzaha wa historia. Hati ile ya Diyab baadaye ilikusanywa pamoja na vitabu vingine vya Aleppo, ikaishia katika maktaba ya Vatikani, Roma. Lakini kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimepotea, na jina la mwandishi likapotea nazo. Ikaandikwa katika orodha kama kitabu kisichojulikana mwenyewe. Yaani mtu yule yule aliyenyimwa jina Paris, akanyimwa jina tena Roma. Ni mwaka 1993 tu ambapo mtafiti wa Kifaransa aliisoma akatambua kwamba msimulizi huyu ni yule kijana wa Galland. Tafsiri ya Kifaransa ikatoka mwaka 2015, ya Kiingereza mwaka 2021.

Wakati huo wote, wako waliokuwa wakihangaika kutafuta hati ya kale ya Kiarabu yenye Aladini, maana hawakuamini kwamba hadithi kubwa namna ile ingetoka kinywani mwa kijana tu. Na penye mtafutaji hapakosi muuzaji. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wasomi wawili wa Kiarabu waliokuwa Paris, Chavis na Sabbagh, kila mmoja kwa wakati wake alitoa hati yenye Aladini kwa Kiarabu. Ya Sabbagh ilisemwa imenakiliwa kutoka hati ya Baghdad. Wanachuoni wakafurahi. Baadaye sana, profesa Muhsin Mahdi, Mwiraki aliyehariri hati ile ya Galland na kuichapisha mwaka 1984, alionyesha kwamba zote mbili ni za kughushi: walichukua Kifaransa cha Galland wakakirudisha katika Kiarabu. Watu walikuwa radhi kuamini karatasi ya uongo kuliko kinywa cha kweli.

Lakini tusimbebeshe Galland mzigo wote. Ndiye aliyeandika katika daftari lake tarehe, jina na hadithi. Bila daftari hilo hata leo tusingejua. Na huko daftarini hadithi ya wezi arobaini hakuiita ya Ali Baba. Aliiita kwa jina la Marjana, yule mjakazi mwenye akili aliyewaua wezi kwa mafuta ya moto wakiwa wamejificha mitungini. Kitabu kilipochapishwa, jina la Marjana likaondoka kichwani, Ali Baba akaingia, na mjakazi akabaki "mjakazi" tu. Leo hata huyo mjakazi katolewa. Tunasema Ali Baba na Wezi Arobaini, basi. Hivyo ndivyo majina yanavyopukutika. Hakuna aliyeamka asubuhi akakusudia uovu. Kila mkono unaopokea unafupisha kidogo.

Kwetu nako

Usidhani haya ni mambo ya Paris na Aleppo tu. Mwaka 1870 huko London kilichapishwa kitabu cha ngano za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, mmisionari ambaye baadaye alikuwa askofu. Ni hazina kubwa, hilo halina ubishi. Bila hicho ngano nyingi zingekwisha kwenda na wazee. Lakini tazama ukurasa wake wa kwanza. Jina la mkusanyaji liko kamili. Wasimulizi wao wanaitwa kwa jumla: wenyeji wa Unguja.

Katika kitabu hicho imo hadithi ya Sultani Darai, nayo ina jumba lake la hazina. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, ananunua paa. Yule paa ana akili na anasema kama mtu. Anamtafutia bwana wake mchumba, binti wa sultani. Anakwenda mpaka kwenye jumba la nyoka mwenye vichwa saba, anamwua, anachukua funguo, anamkabidhi bwana wake mali yote. Halafu paa anaugua. Na yule bwana, aliyekula na kuvaa kwa mgongo wa paa, anasema apikiwe uji wa mtama tu, hana haja hata ya kwenda kumtazama. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Asante ya punda ni mateke. Lakini hadithi haimalizi hapo: siku moja yule bwana anazinduka, anajikuta yuko pale pale jaani, anachakura mtama. Jumba hakuna, mke hakuna, hazina hakuna.

Mabibi zetu waliosimulia ngano hii hawakuwa wamesikia habari za Hanna Diyab. Ila hoja waliijua vizuri. Hazina ambayo hukumbuki nani aliyekuletea si yako; ni usingizi tu, na usingizi una mwisho wake.

Na mfano mwema nao tunao. Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka. Muyaka alikuwa amekwisha kufa tangu 1840. Mwalimu Sikujua akamwandikia Mwingereza William Taylor, pamoja na maelezo ya maneno na ya matukio ambayo mashairi yalihusu. Karatasi hizo leo ziko London. Ziko mbali, ni kweli, na mwenye kutaka kuzishika inambidi apande ndege. Lakini zina majina yote: nani alitunga, nani alikusanya, nani alipokea. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumsoma Muyaka na akamshukuru Sikujua. Karatasi haikuhitaji muujiza wowote. Ilihitaji mtu wa kuandika mstari mmoja zaidi.

Vijana wenzangu, wengi wetu tunaoandika katika kurasa kama hizi tunachota kisima kimoja. Tunakaa na bibi, na mzee wa baraza, na fundi wa jahazi, na kondakta mwenye visa vyake. Wanatupa, tunaandika, na chini ya hadithi tunaweka majina yetu. Si dhambi. Galland naye alifanya kazi: alipanga, alinyosha, alipamba, na dunia ikafurahi. Ila daftari lako la kwanza, lile la kuchafulia, ndilo ghala lenyewe. Andika humo umesikia kwa nani, wapi, tarehe ngapi. Ukipeleka kwa mhariri, mwambie mstari huo asiukate hata kama nafasi ni finyu.

Ali Baba alikuwa na bahati kumliko Kassim nduguye. Kassim aliingia pangoni akashiba macho kwa dhahabu, akalisahau neno la kutokea. Akataja shayiri, akataja nafaka zote anazozijua, mlango haukufunguka, na humo ndimo walimomkuta. Mali yote ilikuwa mbele yake. Kilichomwua ni neno moja tu alilolisahau.